Mpishi Aliyekataa Kutoka Kambini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Neema, mdogo wangu unayemsomea, marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Msomee polepole. Pale nilipoandika mengi usiruke.

Mama, magoti yanasemaje? Baridi ya Iringa ya miezi hii naijua, inaingia mpaka kwenye mifupa. Vaa zile soksi nilizokuletea, hata kama rangi yake inakuchekesha. Na jicho lililofanyiwa upasuaji, je, sasa unaiona sindano? Mimi huku Uingereza ni mzima. Kile kikohozi kimeisha. Unga wa ugali naupata kwa mama mmoja Mzambia, ila majani ya maboga ya huku hayana ladha, ni kama kutafuna karatasi, na karatasi nazijua.

Barua hii nimempa nesi mmoja wa Makambako anayerudi likizo, kwa sababu habari iliyomo haifai simu inayokatikakatika. Kaa vizuri. Ni habari ya Babu Ambakisye, baba yako. Nakuambia mapema kwamba ni njema, ili moyo usiende mbio.

Unajua kazi yangu ni ya kutunza nyaraka za zamani. Tangu mwaka jana kikundi chetu kimepewa majalada ya idara moja ya ujasusi ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yale yaliyotoka ofisini kwa Mkurugenzi wake mwenyewe. Hao walikuwa watu wa kufungua barua za wenzao, kufuatilia nani kaenda wapi, na kuandika nani kasema nini. Miaka yote hiyo majalada yalifungiwa. Sisi tunatoa pini zilizoshika kutu, tunatia namba kurasa, kisha tunapendekeza lipi lisomwe na watu na lipi liendelee kufungwa.

Huyo Mkurugenzi nimemzoea kama jirani. Aliandika kwa penseli ya bluu, maneno machache mno, pembeni mwa taarifa za watu wengine. Mahali pengine ameandika "Ndiyo" tu, au "Hapana." Kuna jalada zima la ugomvi wake na fundi aliyeshindwa kuziba paa la ofisi. Sijaona popote kwamba aliwahi kukanyaga Afrika.

Basi Jumanne moja asubuhi nikafungua jalada la walowezi wa Kijerumani wa Tanganyika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya waliokamatwa pamoja na bwana mmoja mkulima wa kahawa, juu milimani, barabara ya kwenda Tukuyu. Nikasoma: Gwakisa, dereva, anashikiliwa. Chini yake: Ambakisye, mpishi, ameachiwa.

Neema, wewe ulikuwa mdogo mambo haya yaliposemwa nyumbani, kwa hiyo nakuandikia yote. Babu alikuwa mpishi wa yule Mjerumani, na Gwakisa, rafiki yake wa toka utotoni, aliendesha lori la shamba. Vita vilipoanza wakachukuliwa wote wawili. Babu akarudi peke yake. Gwakisa hakurudi kabisa. Watu wakasema Babu amemuuza mwenzake ili yeye aachiwe. Haukupita muda akahama, akaja kuishi Iringa, na Mama akazaliwa hapo Mlandege. Mama, wewe mwenyewe ulitusimulia wanawake waliotoka Mbeya walivyokuita sokoni mtoto wa kachero. Na alipofariki Bibi, mama yako, hakuna mtu hata mmoja aliyekuja msibani kutoka kule kwao.

Niliuangalia ule ukurasa mpaka herufi zikaanza kucheza. Sikufunua wa pili. Nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi, Bi Helen.

"Helen, kwenye jalada hili yumo babu yangu."

"Una hakika?"

"Jina lake, kazi yake, shamba lake. Nina hakika."

Akalichukua mikononi mwangu. "Basi usiliguse tena. Atalishughulikia mwenzako."

Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Lakini Mama, wiki tatu nilikuwa nakula bila kujua nakula nini. Kisha nikasikia mwenzangu amependekeza jalada liendelee kufungwa, kwa sababu mna majina ya wafungwa na habari za ugonjwa wa mtu. Nikaomba kusimama mbele ya kamati. Unanijua. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilonishonea nikaingia.

Mwenyekiti, mzee mmoja mpole, akaniuliza, "Huogopi kwamba kufunguliwa kwake kutawaumiza ndugu wa waliotajwa?"

Nikamwambia, "Wameshaumia. Wanaumia kwa sababu limefungwa."

"Na kama limeandika jambo baya juu ya babu yako?"

"Basi tutalijua. Sasa hivi tunaadhibiwa kwa jambo tusilolijua."

Wakanong'onezana. Mwishoni wakasema watakubali, ila kwa sharti moja: familia ya yule dereva nayo iridhie kwa maandishi.

Hapo ndipo nilipomwingiza kaka, Anyosisye. Mama, usimgombeze. Miezi miwili amekuwa akija kukusalimia na kukuficha, na ni mimi niliyemwambia akufiche. Sikutaka upewe tumaini halafu linyang'anywe.

Aliulizia pale Iyunga, Mbeya, anapofanyia kazi gereji, akaelekezwa kwa binti pekee wa Gwakisa. Anaitwa Subilaga. Alikuwa tumboni mwa mama yake siku baba yake alipochukuliwa, kwa hiyo ni bibi kabisa sasa, lakini bado analima viazi mwenyewe. Kaka alimkuta shambani na jembe mkononi. Akajitambulisha.

"Nyumba ya Ambakisye?" Bibi akasema. "Rudi ulikotoka."

Kaka hakuondoka. Alivua kofia akasimama pale pale kwenye tuta. "Bibi, sijaja kukuomba usamehe. Kuna karatasi za wakati ule, dada yangu amezipata. Hazifunguliwi bila sahihi yako. Hata sisi hatujazisoma."

"Na zikisema babu yenu alimuuza baba yangu?"

"Nitarudi hapa kuomba msamaha, na mama yangu nitamleta."

Kaka anasema Bibi Subilaga alimkabidhi jembe. "Malizia tuta hilo, nikatafute miwani." Aliporudi akatia sahihi. Kaka alimaliza matuta matatu siku ile, mikono yake ya spana ikatoka malengelenge.

Jalada likafunguliwa. Bi Helen aliniruhusu nilisomee chumba kidogo, mlango umefungwa, yeye mwenyewe akiwa kando yangu. Nikampigia kaka, ambaye alikuwa ameshafika kwa Bibi Subilaga, akaweka spika. Nikawa nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo. Wakati mwingine Kinyakyusa kilinitoka bila kukiita.

Kwanza kulikuwa na barua ya yule Mjerumani kwa kaka yake, iliyofunguliwa njiani na wale watu wa idara. Ameandika habari za mvua na kahawa, halafu akawasifu watu wake. Mpishi wangu Ambakisye, anasema, hajawahi kuniibia hata kijiko cha sukari. Na dereva wangu Gwakisa anazijua njia zote mpaka mpakani, hata zile zisizo kwenye ramani. Mtu wa idara amepiga mstari chini ya sentensi hiyo. Basi, Mama, ni hivyo tu. Hapakuwa na msaliti. Mtu aliyezijua njia za mpakani wakati wa vita alionekana hatari, na rafiki yake akachukuliwa naye.

Ikafuata taarifa ya ofisa aliyewahoji kwenye kambi ya wafungwa pale Iringa. Anaandika kwamba mpishi ameulizwa siku nyingi mfululizo juu ya dereva, na jibu lake halibadiliki: "Gwakisa ni ndugu yangu. Anaendesha lori la kahawa. Sina lingine." Pembeni, penseli ya bluu: "Mpishi hana madhara. Aachiwe. Dereva abaki."

Nilisita hapo, Mama. Nilipata hasira ambayo sikujua ninayo. Mtu amekaa kwenye kiti chake huku, anagombana na fundi wa paa, na kwa maneno machache namna ile amezigawa nyumba mbili. Bi Helen akanisogezea glasi ya maji. Kwenye simu, Bibi Subilaga akasema, "Soma, mwanangu. Usiishie hapo."

Nikasoma. Ofisa anaandika tena: mpishi amekataa kutoka. Amefunguliwa geti, ameketi chini, anasema watatoka wawili kama walivyoingia wawili. Siku ya pili bado ameketi. Siku ya tatu askari wamembeba wakampakia kwenye gari la kwenda Mbeya, na wamemteremsha huko.

Halafu taarifa nyingine, ya miezi iliyofuata: mpishi amerudi Iringa. Amepanga chumba karibu. Kila Jumapili anakuja getini na chakula kilichofunikwa, anasubiri mpaka dereva apewe. Je, akamatwe? Penseli ya bluu: "Mwacheni."

Mama, umesikia? Miaka yote tumeamini Babu alihamia Iringa kwa kukimbia aibu, na yeye hakuwahi kukueleza. Hakukimbia. Alimfuata mwenzake. Wewe ulizaliwa Mlandege kwa sababu baba yako alitaka kuwa karibu na lile geti.

Taarifa ya mwisho ni fupi. Dereva ameugua mapafu msimu wa mvua, amefariki. Kabla ya kukata roho aliulizwa kama ana neno. Ofisa, Mungu amrehemu, aliliandika lilivyo: "Mke wangu aambiwe mbegu za maharage ziko darini, nyuma ya ungo." Hakuna aliyelipeleka neno hilo. Likafungwa kwa pini, likaja kulala huku. Na chini kabisa: maiti amekabidhiwa mpishi, azike.

Nilipomaliza nikamsikia Bibi Subilaga anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama alizitafuta zile mbegu nyumba nzima," akasema. "Mwaka ule walipanda mahindi matupu. Alikuwa akisema, Gwakisa ameniachia mtoto tumboni, mbegu amezificha."

Akavuta pumzi, akaongeza jambo ambalo kwao hulizungumza kwa majivuno, ila siku ile hakuwa na majivuno. Alisema Babu aliwahi kwenda kwao, mara moja tu, akiwa amenyoa nywele zote. Mama yake alimtoa mbio kwa mchi kabla hajafungua kinywa. Walidhani amekuja kuwacheka. "Kumbe alikuja kutuletea habari ya msiba," akasema. "Alikuwa amenyoa kama mfiwa, na sisi hatukuangalia."

Nakala za kurasa zote zimo humu kwenye bahasha, na muhuri wa ofisi. Sasa zinaruhusiwa kusomwa na mtu yeyote. Nilimwomba Bi Helen niandike mimi maelezo ya jalada, akakubali. Pale panapoandikwa jalada linahusu nini, nimetaja idara na Mkurugenzi wake kama inavyotakiwa, halafu nikaongeza majina mawili: Gwakisa, dereva, na Ambakisye, mpishi. Atakayetafuta habari za yule mkubwa atakutana nao.

Nisalimie shangazi Tupokigwe na kwaya yake yote. Mjomba Lusajo, mdogo wako, yule wa Idodi, apigiwe simu leo leo asomewe, kwa kuwa naye ni mtoto wa Ambakisye na alipigana sana shuleni kwa jina lile la mtoto wa kachero. Pole zimfikie kwa tembo waliopita shambani kwake. Jirani yetu mama Semeni msalimie kwa Kihehe, mwambie kamwene, na asante kwa kukuchotea maji ulipotoka hospitali. Wajukuu wa kaka wabusu, nikianza kuwataja wote karatasi itaisha.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonikalisha kuandika. Bibi Subilaga aliniuliza swali moja ambalo jalada halina jibu lake. Aliuliza baba yake amezikwa wapi. Nikakumbuka kitu ulichotusimulia siku moja tukichambua mchele. Ulisema ulipokuwa mtoto Babu alikuwa anakuchukua mpaka kwenye makaburi ya zamani, mnang'oa majani kwenye kaburi moja lisilo na jina, na ukimuuliza ni la nani anakujibu, "Ndugu yangu amelala hapa." Wewe ulidhani ni mdogo wake aliyekufa mchanga.

Nilimwambia Bibi kwamba mama yangu anapajua. Mama, aliyebaki anayepajua ni wewe peke yako.

Jumamosi inayofuata baada ya kuipata barua hii, kaka atamleta kwa basi la asubuhi. Hajawahi kufika Iringa maisha yake yote. Mpokee, mpe chai, msisimuliane mengi kwanza. Mkipumzika, chukua fimbo yako, mshike mkono, mwongoze mpaka pale.

Ni mimi binti yako,
Atupele