Chebet Ameomba Ugali Tena

Boito, Jumanne

Basi wale bakteria wa vidonda vya tumbo wameisha. Daktari amesema vipimo vya Chebet ni safi, na kwamba homoni inayoleta njaa na vimeng'enya vya kusaga chakula vinarudi taratibu.

Najivunia binti yangu. Dawa zilimtia kichefuchefu, lakini alizimaliza, ingawa shangazi yake alimsukumia mursik kila jioni: "Kunywa, maziwa ya kibuyu yanatuliza vidonda." Marehemu baba yake Chebet alituliza vyake hivyo hivyo, hadi tukamzika.

Bado naogopa akishika tumbo.

Leo ametoka kuchuma chai, akamaliza ugali, akasukuma sahani.

"Mama, ongeza."

"Huyu sasa atakula hata sufuria!" shangazi akacheka.

Ugali ulikuwa umeisha. Nikampa wangu.