Kiyoyozi cha Shemeji

Tarehe 4 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Habari za kambini? Mgongo unaendeleaje, na dada yangu, na huyo mgeni aliye tumboni? Huku wote wazima, isipokuwa mimi, ambaye kitambi kimenitangulia hadi nikiinama kwenye injini lazima mtu aje aniinue.

Barua yako nimeletewa na dereva wa lori la mizigo, ikiwa na alama za vidole vyake vya grisi. Unasema kiyoyozi cha gari kinapuliza hewa ya moto, na mwezi ujao unataka kumleta dada ajifungulie kwetu. Miguu imemvimba, joto hilo hataliweza. Nimekuelewa. Ila usiguse kitu kwa nyundo, nakujua.

Washa injini, washa kiyoyozi, fungua boneti. Sikiliza kama kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, inashika: itagonga mara moja, kisha injini italemewa kidogo. Isiposhika, huenda gesi imepungua. Tazama kama feni ya mbele inazunguka. Halafu kagua mabomba. Panapovuja huwa na mafuta yaliyonasa vumbi. Ukipaona, pazibwe kwanza ndipo gesi ijazwe. Simu hazifiki huko kwenu, basi tuandikiane kama wachumba.

Shemeji yako, fundi


Tarehe 15 Februari

Shemeji Kitambi,

Salamu nyingi. Hatujambo. Dada yako anasema upunguze kula, na mgeni anampiga mateke kama anadai kitu.

Feni ilizunguka, kompresa haikushika. Alama ya mafuta niliiona kwenye kiungio cha bomba, karibu na taa ya kushoto. Nilikuwa nakaa nikuandikie, nikasikia kuna fundi amefungua banda hapa kambini, jirani na mchomeleaji vyuma. Akajaza gesi siku ile ile. Mambo ya kuziba alisema yatasubiri.

Shemeji, ni baridi! Dada yako alijifunika shuka. Miaka yote unajiita bingwa wa viyoyozi na hujawahi kunipa baridi ya namna hii. Nilimuuliza ni gesi gani, akacheka, akasema gesi ni gesi. Mtungi wake unafanana na ule wetu wa jikoni.

Kasoro ni moja, ndogo tu. Tukifunga vioo kunakuwa na harufu, kama jiko lililofunguliwa likasahauliwa kuwashwa. Nikivuta sigara yangu, siisikii tena.

Shemeji yako, asiyetoka jasho


Tarehe 19 Februari

Shemeji,

Leo mnisamehe, salamu ni fupi. Natumaini mko wazima. Natumaini kweli.

Alichokujazia ni gesi ya kupikia. Inapoza, tena sana, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini hiyo ni ya kuwaka. Kiungio hakikuzibwa, na harufu hiyo maana yake inavuja pia nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya dada yangu. Hapo ndipo wewe unapowasha kiberiti.

Utasema naona wivu. Wivu ninao, hata wa watu wembamba, lakini safari hii nisikilize. Usivute sigara ndani ya gari hilo wala karibu nalo. Dada asilipande. Mwambie huyo fundi aitoe gesi yote, isibaki hata chembe. Kisha mje vioo wazi, mkilowa jasho, nami nitaziba na kujaza kwa mikono yangu.

Dereva anaingoja barua hii hapa mlangoni; nimemng'ang'ania mkono asiondoke, mpaka ameniuliza kama naumwa.

Shemeji yako


Tarehe 20 Februari

Shemeji,

Lori lilipokwisha kuondoka ndipo nilipokumbuka. Nimekwambia gesi itolewe, sikukwambia itolewe wapi.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikapotea, inalala chini na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, mpaka ikutane na moto. Itolewe uwanjani, penye upepo, mbali na mchomeleaji, mbali na sigara ya mtu yeyote. Bandani hapana. Nakusihi.

Ningekuja mwenyewe, ila gari langu, kama ya mafundi wote, liko juu ya mawe. Barua hii nampa mwenye pikipiki anayepita njia ya kwenu. Amesema atafika kesho jioni, akijaliwa. Simu yako nimeipiga tena. Hupatikani.

Shemeji yako


Tarehe 21 Februari, mchana

Shemeji mpendwa,

Hujambo, na watoto hawajambo? Sisi salama. Lori limefika asubuhi na barua yako. Niliisoma, dada yako akaisoma, kisha akanitazama mpaka nikachukua ufunguo nikatoka. Basi usinigombeze tena, nimekutii neno kwa neno.

Nakuandikia nikiwa bandani, nimekalia ndoo. Gari tumeliingiza ndani na mlango tumeushusha, maana upepo wa leo unatulisha vumbi. Fundi amelegeza nati, gesi inatoka, inazomea kama paka aliyekanyagwa mkia. Harufu ni kali, hasa huku chini miguuni. Mchomeleaji amekwenda kula, kwa hiyo pametulia. Fundi alinuna, akasema nina shemeji mwoga. Nikamjibu huyo si mwoga, ni mnene tu.

Dada yako yuko nyumbani anakunja nguo za mtoto. Kesho alfajiri tunakuja, vioo wazi. Mtutengee chumba chenye dirisha.

Dereva wa lori anapiga honi, anarudi kwenu. Barua hii nampenyezea chini ya mlango.

Ah, na sigara nimeacha, kama ulivyoagiza. Ili nisishawishike, pakiti nzima na kiberiti chake nimempa fundi. Kununa kumemwisha. Ameketi hapa mbele yangu, anachagua moja.

Shemeji yako mtiifu