Mawe Yaliyosuguliwa

4 Mei

Mpwa wangu, Daktari wa Mto,

Hujambo mama? Sisi wazima, ila bibi yako goti linamsumbua. Mdomo wake ndio mzima.

Ndoo ya maji na mawe ya mto uliyoniagiza ili mpime, nimempa dereva wa lori. Nimechota palepale chini ya daraja. Mto ulikuwa umefura, mwingine angesombwa. Mimi nilisimama katikati kama nguzo, maji yakanizunguka yenyewe. Samaki mkubwa kama mlango wa jiko akanipisha. Waambie wakubwa zako, afya ya mto huu waniulize mimi.

Mjomba wako

18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mpe bibi pole.

Habari si nzuri. Kwenye mawe yako sijaona hata mdudu mmoja. Mto wenye afya huwa na wadudu wake wa majini. Wakitoweka, huenda sumu imeingia. Wakubwa wanataka kufunga bomba la kijiji. Kuna mtu anamwaga kitu huko juu? Nijibu upesi, bibi anakunywa maji hayo.

Mpwa wako

21 Mei

Mama yangu,

Salamu baadaye. Wadudu walikuwa tele! Nikaona aibu: mpwa wangu afungue ndoo mbele ya wasomi wenzake, watambae wadudu, waseme kwao kuchafu? Nikawatoa mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Mawe nikayasugua kwa brashi na sabuni, yakang'aa kama meno ya bwana harusi. Nani mwingine angeiweza kazi hiyo?

Kumbe nimeua mto kwa brashi ya kufulia! Bomba lisifungwe, tafadhali. Waambie ni mimi, na wacheke watakavyo. Njooni mpime wenyewe.

Mjomba wako

12 Juni

Mpwa wangu,

Mmerudi kazini salama? Bibi anasema umekonda, anasema pia maji ya bomba yamekuwa matamu zaidi tangu mlipoamua lisifungwe.

Jana kinyozi aliniomba nimsimulie siku ile ya kupima. Nikamweleza ulivyoingia majini na gauni lako la kazi, ukageuza jiwe, ukamwonyesha mkubwa wako watoto wa kereng'ende wamejazana, naye mwenye mvi zake akawa anaandika kila unachosema. Nilipofika hapo nikataka kutia chumvi kidogo, unanijua. Nikatafuta pa kuitia, sikupaona. Nimesimulia kama ilivyokuwa, na kinyozi hakuniamini.

Mjomba wako