Wimbo wa Mama Atieno Mbele ya Simu

Mwalimu wangu,

Nimerekodi. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na watu wa kuzungukazunguka. Ule wimbo uliomtungia mkeo, ambao baada yako hakuna mwingine anayeujua kwa nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane, ila mimi, sasa uko ndani ya simu ya binti yenu, kule Migori.

Tangu tukuzike pale Kosele, Mama Atieno miguu imemkataa. Binti yenu amemchukua akae naye Migori, na huko kila asubuhi mama anauliza wimbo wake. Atieno akanipigia: "Anko, hata kwa simu tu, tafadhali. Anaogopa atausahau." Sasa mimi, fundi cherehani wa Oyugis, ningewezaje kuwa Migori kila asubuhi? Nikamwambia asijali, hilo ni jambo dogo.

Jambo dogo! Unanijua, mimi si mtu wa haya. Nimepiga matangani mbele ya ukoo mzima, nimepiga harusini bwana harusi amechelewa na wakwe wamenuna, na sikutoka jasho. Lakini nilipoiegemeza simu kwenye cherehani na kile kidoti chekundu kikawaka, nguvu zote ziliniishia. Pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, inayogonga mbao ya nyatiti kutoa mapigo, ikawa inagonga inavyotaka yenyewe. Nikafuta, nikaanza upya, nikafuta tena. Mke wangu akapita na sufuria yake akasema, "Baba Otis, hiyo ni simu, si polisi." Nilikasirika, maana alikuwa amesema kweli.

Nikafunga mlango na madirisha, nikabaki kuiva mle ndani bure. Nikaigeuza simu ili nisione kioo. Wapi! Nilikuwa naanza vizuri, lakini nikifika katikati, baada ya kulitaja boma alikozaliwa Mama Atieno, mikono inasimama yenyewe. Kunakuwa kimya, hofu inanipanda, nasahau kinachofuata.

Ilinichukua muda kuelewa. Pale ndipo watu walipokuwa wakikukatiza! Kila ulipoupiga nikiwa nawe, mtu alisimama hapohapo na kupaza sauti, "Jathum, simama!" Nawe mpigaji ukatulia, yeye akafanya pakruok yake: mimi mkwe wa fulani, mimi fahali asiyefungwa kamba. Akishajisifu akatosheka, ndipo anakuruhusu uendelee. Wimbo ule sijawahi kuusikia ukipita moja kwa moja. Vidole vyangu viliujifunza pamoja na makelele ya watu. Simu haimkatizi mtu. Imekaa kimya kama mkwe mgeni, na mimi nikadhani kile kimya ni hukumu.

Jumapili nikafungua mlango. Nje cherehani za wenzangu zinanguruma, kuku wanapita, sikujali. Nikaacha kukiwaza kile kioo, nikamuwaza Mama Atieno, vile alivyokuwa akikaa na kanga yake mabegani akijifanya hasikii. Nilipofika pale pagumu sikungoja mikono inisaliti. Nilisimama kwa kupenda mwenyewe, nikasema kwa sauti, "Hapo, Mama Atieno. Ni zamu yako." Nikatulia kidogo, nikaingia tena, na wimbo ukaja wote kama ulivyonifundisha. Uzi mmoja ulilia vibaya karibu na mwisho. Nimeuacha. Wewe pia ulikuwa ukikosea, na hakuna aliyewahi kukufukuza.

Nilipomaliza nililia, Mwalimu. Nimekukosa sana.

Sikiliza sasa. Nilimtumia Atieno, naye akamwekea mama simu kwenye mto. Wimbo ulipofika pale niliposema ni zamu yake, mama yule ambaye tangu mazishi anaongea kwa kunong'ona aliinua mkono na kupaza sauti, "Simamisha!" Atieno akabonyeza upesi, akidhani ameumia. Kumbe! "Mimi binti wa Kasipul! Mimi niliyeolewa kwa nyuzi nane! Mimi ambaye mume wangu bado ananiimbia!" Kisha akajilaza. "Haya, aendelee."

Siku hizi ni kila asubuhi, na kila asubuhi ana sifa mpya. Atieno anasema chai inapoa wakingoja amalize.

Nyimbo zako nyingine bado ziko mikononi mwangu. Nakuahidi nitazirekodi zote, mlango ukiwa wazi, na katika kila mmoja nitaacha nafasi ya mtu kusimama na kusema yeye ni nani. Lala salama, Mwalimu. Huku hatujanyamaza.

Mwanafunzi wako,
Baba Otis