Mawese ndani ya tarumbeta

Kasongo, Jumapili baada ya misa

Kwa yaya Feza, dada yangu mkubwa mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa wote wa nyumbani Kabambare. Sisi wasichana wa fanfari, bendi ya tarumbeta ya parokia, tumefika salama, ila baridi ya asubuhi hapa inauma masikio.

Unajua Padri alisema tukishindwa kupiga kwenye maandamano ya leo, tarumbeta zitarudi kwa wavulana. Basi jana tulizisugua zote kwa majivu, kisha tukapaka mawese kwenye vifungo vya kubonyeza ili vishuke vizuri. Kumbe usiku mawese yameganda! Leo hakuna kifungo kilichoshuka. Wavulana wakacheka: "Bamama ba fanfari, murudi ku kinu!" Masera wetu, mtawa anayetufundisha kupiga, akashika kichwa.

Ndipo mwenzangu Sifa, anayebeba tarumbeta kubwa kuliko yeye, akasema, "Mawese inayeyuka na nini, kama si moto?" Tukakimbia jikoni, kila mmoja akageuza tarumbeta yake juu ya makaa kama samaki. Vifungo vikalegea. Tukapiga mpaka mlango wa kanisa huku tukinukia sombe, kama majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, na akina mama wakatupigia vigelegele.

Padri alinusa, akacheka, akasema, "Tarumbeta ni zenu. Lakini mafuta nitawapa mimi."

Mwambie Mama midomo yangu imevimba, asitafute dawa, ni kupuliza tu. Mungu awalinde. Siku ya kurudi mtanisikia kabla hamjaniona.

Mdogo wako akupendaye,
Apolina