Kitufe cha Tangatanga

Iftin, Garissa

Walaal Guleid, kaka yangu,

Assalamu alaykum. Natumai wewe, wifi Hinda na binti yenu Bilan hamjambo huko Hadado, na mvua imewafikia. Sisi tu wazima, ila goti linamsumbua Mama. Nakuandikia Kiswahili makusudi, ili hata akiiona barua hii asielewe.

Kazi yangu inaendelea, alhamdulillahi. Ile programu ya masomo niliyokueleza imeanza kutumika shuleni huko kwenu. Mtoto akichoka na somo lake anabonyeza kitufe cha Tangatanga, naye anatupiwa kitu ambacho hakukitafuta: alikuwa kwenye hesabu, anajikuta kwenye nyota. Wakubwa wangu walikipinga weee, eti kitakula muda wa mtihani! Sikukubali. Watoto wenyewe hutuma picha za kwao, wenzao wazikute.

Juzi nilikuwa nakijaribu kwenye simu, Mama kakaa kando yangu na chai. Nilikuwa kwenye somo la mawingu. Nikabonyeza, ikatokea picha ya ngamia mweupe, sikio la kushoto limechanika, chapa ya Baba shingoni, ndama ananyonya. Chini Bilan ameandika kwamba huyo ni Adey wa baba yake, amezaa wiki hii.

Wa baba yake! Adey ni wangu, Guleid. Baba alinipa siku niliyozaliwa, kama anavyopewa mtoto wa kiume, na hilo hujawahi kulimeza. Mwaka ule wa ukame ulipiga simu ukilia, ukasema Adey na watoto wake wote wamekufa. Nikaacha chuo, maana hao ndio wangenisomesha. Na mimi, mjinga, nikakufariji wewe!

Unajua kinachoniuma zaidi? Mama, aliyemlea Adey tangu ndama, alipitisha kidole kwenye lile sikio, kisha akasema huyo ni ngamia mwingine. Akaniomba nizime simu. Amekuchagua wewe, na chai yake hakuimaliza.

Usimguse Bilan. Hakujua kuwa ni siri. Mwambie eedo, shangazi yake, ameipenda picha na hataifuta. Jumatatu shule za Garissa nazo zinaanza kuitumia programu, na watoto wa ami zetu, ami wale wale waliokuja kukupa pole ya ngamia, watamkuta Adey bila kumtafuta.

Msalimie wifi. Ndama mtunze vizuri, ni wangu pia.

Dada yako,
Shamis