Mtu wa Meza ya Nyuma

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi. Umeme upo, lakini roho yangu haipo sawa.

Leo nimemwona baba. Au niseme nadhani nimemwona.

Baba alikuwa baharia, tena mtunzi wa mashairi. Gazetini yalitoka mara kadhaa. Ujanani meli yao ilikwama Ulaya, naye akakutwa mgahawani na watu waliokuwa wanatengeneza sinema ya mahipi, wale wa nywele ndefu na shanga shingoni. Wakamwambia akae hapohapo, anywe kahawa yake, wampige picha. Hadithi hiyo mtaa wetu mzima hapa Temeke waliijua. "Mie nimo humo," alikuwa anasema, watu wanacheka, na yeye anacheka nao.

Siku ya posa yangu akaanza kuwasimulia washenga. Nikaona aibu. Nikamkatiza mbele za watu: "Baba, acha fiksi zako."

Wageni wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakuisimulia tena mpaka tulipomzika mwaka jana.

Siku hizi video zimejaa mitaani. Juzi yule braza anayekodisha mikanda Tandika kaletewa mizigo ya mikanda ya zamani kutoka nje. Kuona mahipi kwenye ganda la mmoja, nikaikumbuka hadithi ya baba. Nikaukodi, leo nikaazima deki kwa jirani, nikauweka kwa mama.

Sinema yenyewe haieleweki. Watu wanavuta bangi, wanalia, wanapanda basi lililochorwa maua. Katikati ukaja mgahawa, na meza ya nyuma kabisa kakaa mtu mweusi, mwembamba, sura imefifia. Angeweza kuwa yeyote.

Nikarudisha nyuma. Ndipo nikauona mkono wake. Kidole gumba kinagusa vidole vingine kimoja kimoja, midomo inacheza. Nikadhani tasbihi. Nikahesabu naye: nane, kinatulia. Nane tena, kinatulia.

Jamani, zile ni mizani! Wenzake wanapiga magitaa, yeye anapima mshororo wa shairi, nane kwa nane, vilevile alivyokuwa akifanya hapa nyumbani akisubiri chai. Nani mwingine kule angehesabu hivyo?

Nimelia kama mtoto. Kumbe hakuwa mwongo, mwongo nilimfanya mie.

Nikamgeukia mama nikamwambia, mama, kumbe kweli! Nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata kidogo.

"Mie nilimwamini toka zamani, mwanangu. Ila yeye alikuwa anakungoja wewe umuulize hadithi yake."

Miaka minne, toka posa ile mpaka tulipomzika, nimekuja hapa kila Ijumaa. Nimemwamkia shikamoo, nimempakulia, tumeongea habari za mvua na bei ya mchele mpaka nikaaga. Kumuuliza sikumuuliza.

Nilikuwa nangoja nini mie?